Nguruwe wa damu safi au chotara: kwa nini kizazi cha pili kimedorora?

Mfugaji wa Utange

Wafugaji wenzangu, nawasalimu nyote. Ninafuga nguruwe Utange, upande wa Kisauni, katika kiwanja kidogo chenye banda la matofali lililoezekwa mabati. Daftari langu linaniambia jambo ambalo nimeshindwa kulifasiri, kwa hiyo naliweka hapa mbele yenu kama lilivyo.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 nilinunua mitamba wanne, yaani majike ambao walikuwa hawajazaa. Wawili ni wa mbegu iitwayo Large White, wa damu safi, na wawili ni chotara ambao mama yao ni Large White na baba yao ni wa mbegu ya Landrace. Pamoja nao nilinunua dume wa Large White kutoka kwa mfugaji mwingine, asiye na udugu na yeyote kati yao. Wote wanne walizaa wiki ya kwanza ya Agosti 2023. Wale wa damu safi walipata watoto 8 na 9, na waliofika kuachishwa kunyonya katika wiki ya nane walikuwa 6 na 7. Chotara walipata 10 na 11, wakaachisha 9 na 10. Watoto wa chotara walifika kilo 90 karibu na miezi sita na nusu, ilhali wale wa damu safi walichelewa kwa wiki tatu hivi. Uzao wa pili, wa dume yule yule, ulikuja mwanzo wa Februari 2024: damu safi 10 kila mmoja, chotara 12 na 11.

Januari 2024 nilimuuza dume kwa sababu alikuwa amekuwa mzito na chakula chake kilinielemea. Mahali pake nilimweka kijana wa chotara mmoja kutoka uzao wa kwanza, mrefu, mwenye mgongo ulionyooka na mapaja yaliyojaa, ambaye kila aliyepita bandani alimsifu. Nilibakisha pia mitamba wawili wa umri wake: mmoja ni dada yake wa tumbo moja, wa pili ni binti wa yule chotara mwingine. Aliwapanda tarehe 20 Machi 2024 na siku zilizofuata, nao wakazaa katikati ya Julai. Mmoja alipata 7, mwingine 6, na kati ya hao wawili walizaliwa wamekufa. Walioachishwa ni 5 na 4.

Walipotimiza miezi sita, katikati ya Januari 2025, niliwapima kwa futi ya fundi cherehani: mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, na urefu kutoka katikati ya masikio hadi shina la mkia, vyote kwa mita, kisha mzunguko mara mzunguko mara urefu mara 69.3. Mkubwa wao alikuwa na mzunguko wa 0.97 na urefu wa 1.10, yaani kilo 72. Mdogo wao alikuwa na 0.80 na 0.92, ambazo ni kilo 41. Hawa wametoka chumba kimoja na wamekula kihori kimoja.

Mtu mmoja anayeuza nguruwe wa mbegu ameniambia kwamba damu ya chotara huchoka, na kwamba nikitaka faida niwaondoe wote nirudi kwenye damu safi. Kabla sijatoa pesa nyingine, naomba kujua: je, tatizo ni mbegu, au kuna jambo jingine ambalo silioni?

Mzee wa Kikambala

Mwanangu wa Utange, kabla hujailaumu damu, simama bandani mwako saa nane mchana wa Februari uangalie. Mimi nimefuga tangu wakati ambapo Kikambala ilikuwa minazi mitupu, na ninakwambia kwamba adui wa kwanza wa nguruwe wa Pwani ni joto la kaskazi. Nguruwe hatoki jasho la kumpoza kama wewe na mimi. Akizidiwa na joto huhema kwa kasi, hutafuta mahali penye unyevu, kisha hufanya jambo linalomtia mfugaji hasara bila kelele: huacha kula. Nguruwe mkubwa huanza kupunguza chakula joto likipita nyuzi 25, na sisi kuanzia Desemba hadi Machi tunafika 32 na zaidi, pamoja na unyevu wa bahari unaofanya hata kule kuhema kusimsaidie sana.

Nilikuwa na jike wa Landrace wa damu safi, mrefu na mweupe, aliyezaa mwezi wa pili. Nilimkuta mchana amelala ubavu kwenye kona ambayo chuchu ya maji, yaani bomba la kunywea, hudondoka, pua ameiweka sakafuni penye maji, na chakula cha asubuhi bado kimejaa kihorini kimeota ngozi juu, nzi wamekitanda. Watoto wake walikuwa wanavuta chuchu zake na kuziacha, wanavuta na kuziacha, wakilia. Mama asiyekula hana maziwa, na mtoto asiyepata maziwa katika wiki tatu za kwanza hatalipa deni hilo maisha yake yote.

Nilifanya mambo matatu. Niliweka makuti juu ya mabati, unene wa kutosha, na nikainua paa ili upepo upite. Nikahamishia chakula saa kumi na moja alfajiri na saa moja usiku, mchana nikawaachia maji tu. Kisha nikalishughulikia tangi. Tangi langu lilikuwa jeusi la plastiki, limesimama juani. Siku moja niliweka kiganja chini ya chuchu ya maji saa saba nikakuta maji ni ya moto kama ya kuogea mtoto mchanga. Jike anayenyonyesha anahitaji lita 20 hadi 30 kwa siku, na hakuna mnyama atakayekunywa kiasi hicho maji yakiwa hivyo. Nililijengea tangi kibanda na bomba nikalizika ardhini. Na kama maji yako ni ya kisima, yaonje, kwa maana visima vingi vya ukanda wetu vina chumvi.

Wewe umepandisha mitamba wako mwezi wa tatu, kilele cha joto, chini ya mabati. Kwa maoni yangu jibu lako liko hapo. Kuhusu mbegu, weupe hawa huungua ngozi wakiachwa juani, ndiyo maana mimi sasa napenda dume wa Duroc mwenye rangi ya kahawia.

Mama wa Mtwapa

Shikamoo Mzee, na pole kaka wa Utange. Mzee amesema kweli kuhusu joto, lakini mimi nimekwama kwenye mstari mmoja wa maelezo yako: kilo 72 na kilo 41 kutoka chumba kimoja. Naomba utueleze walikula nini tangu kuachishwa hadi Januari, na kama chakula kilikuwa kile kile walichokula wale wa 2023. Eleza pia ulikuwa nao wangapi chumbani, na mara ya mwisho kuwapa dawa ya minyoo ilikuwa lini.

Nauliza kwa sababu yalinifika mimi. Kulikuwa na duka la vyakula vya mifugo lililoniuzia gunia lililoandikwa kuwa ni la kukuzia, nami nikaliamini kwa sababu lilikuwa na harufu nzuri ya dagaa. Baada ya wiki sita nguruwe wangu walikuwa na matumbo makubwa, manyoya marefu yaliyosimama, na mifupa ya mgongo inayohesabika. Nilipomwaga chakula kile katika ndoo ya maji, pumba ilielea na chini ikatua mchanga wa kujaa viganja viwili. Tangu siku hiyo nachanganya mwenyewe.

Mbegu hizi tunazozisifu, Large White, Landrace na Duroc, zilichaguliwa kwa miaka mingi katika nchi ambazo nguruwe hulishwa kwa kipimo. Ukuaji wao wa haraka ni ukuaji wa nyama, na nyama hujengwa kwa protini, hasa ile sehemu ya protini iitwayo laisini, ambayo mahindi yanayo kidogo sana. Mtoto aliyeachishwa anahitaji chakula chenye protini ya asilimia 18 hadi 20, anayekua 16 hadi 18, na anayekaribia kuchinjwa 14 hivi. Mahindi na pumba zake peke yake hayafiki hapo. Mashudu ya nazi, ambayo kwetu hupatikana kwa urahisi, yana protini ya asilimia 20 hivi, lakini laisini yake ni haba na nyuzinyuzi zake ni nyingi, kwa hiyo ni ya kuongezea tu. Mashudu ya soya na dagaa ndiyo yanayoziba pengo. Dagaa mimi huwaondoa wiki chache kabla ya kuchinja ili nyama isinuke samaki.

Mahindi yaliyoota kuvu msiwape, hata yakiuzwa nusu bei. Unyevu wa Mombasa huharibu gunia kwa wiki mbili likiwekwa sakafuni, na sumu ya kuvu humdumaza nguruwe kabla hujaona ugonjwa wowote.

Mfugaji wa Utange

Ahsante Mzee wangu, na ahsante dada. Nitajibu bila kuficha. Wale wa 2023 walikula chakula cha dukani kilichopimwa, tangu kuachishwa hadi kuuzwa. Hawa wa 2024 walikula chakula hicho hadi mwanzo wa Oktoba. Bei ilipanda, nami nikapata machicha ya nazi ya bure kutoka kwa jirani anayepika maandazi na wali wa kuuza, nikawa nachanganya machicha hayo na pumba za mahindi, na mara moja moja mabaki ya jikoni kutoka hoteli moja ya Bamburi. Walikuwa tisa katika chumba cha mita mbili na nusu kwa mbili. Kihori kina urefu wa mita moja na nusu. Dawa ya minyoo walipewa mara moja, walipoachishwa.

Naona sasa kwamba nimebadilisha mambo mengi kwa wakati mmoja, lakini bado nataka kuelewa habari ya damu. Mzee anasema joto, dada anasema chakula, na muuzaji anasema damu imechoka. Nani ana haki, na kwa kiasi gani?

Daktari wa Mifugo, Kilifi

Ndugu wa Utange, umefanya jambo ambalo wateja wangu wengi hawafanyi, yaani kuandika tarehe na uzito, na kwa sababu hiyo swali lako linaweza kujibiwa. Nitatenganisha idadi ya watoto na ukuaji wao, kwa kuwa vinatawaliwa na sababu tofauti na watu huvichanganya.

Nianze na damu. Tabia za nguruwe hazirithiwi kwa kiwango kimoja. Unene wa mafuta ya mgongoni hurithiwa sana, kwa asilimia 40 na zaidi. Kasi ya kukua hurithiwa kwa asilimia 30 hivi. Lakini idadi ya watoto kwa uzao hurithiwa kwa asilimia 10 tu, na iliyobaki huamuliwa na matunzo, umri, hali ya hewa na bahati. Nguvu ya chotara, yaani ubora anaoupata mtoto kwa kuzaliwa na mbegu mbili tofauti, hufanya kazi kinyume cha hapo: husaidia sana zile tabia zinazorithiwa kidogo, kama vile uzazi na uhai wa watoto, husaidia ukuaji kwa kiasi, na karibu haigusi kabisa unene wa mafuta. Jike chotara huzaa zaidi ya jike wa damu safi kwa karibu mtoto mmoja, na huachisha zaidi ya hapo kwa sababu maziwa yake ni mazuri na watoto wake wana ustahimilivu. Tofauti uliyoiona wewe ya watoto wawili hadi watatu, sehemu yake ni bahati, maana majike wanne ni wachache mno kutoa hukumu. Angalia pia kwamba wale wa damu safi walipanda kutoka 8 na 9 hadi 10 kwa uzao wa pili bila kubadilishwa damu. Huo ni umri. Uzao wa kwanza huwa mdogo, na jike hufika kilele chake kati ya uzao wa tatu na wa tano.

Sasa nije kwa dume wako kijana. Hakuna damu inayochoka. Kilichotokea kinahesabika. Chotara wa kwanza, aliyezaliwa na Large White na Landrace, ana nguvu yote ya chotara kwa sababu kila jozi ya vinasaba vyake imetoka katika mbegu mbili tofauti. Ulipompandisha kwa Large White, watoto wake walibaki na nusu ya nguvu hiyo. Watoto hao wakipandana wao kwa wao, hata kama hawana udugu, wanaofuata hubaki na theluthi moja na kitu, na hapo bado hatujataja udugu. Dume wako alimpanda dada yake wa tumbo moja, na mtoto wa ndugu wa baba na mama mmoja ana asilimia 25 ya uwezekano kwamba kinasaba chochote alichonacho ni nakala mbili za kitu kimoja kutoka kwa babu mmoja. Kwa yule mwingine, aliyechangia naye baba tu, kiwango hicho ni nusu yake. Kasoro zilizokuwa zimejificha hukutana hapo: kijusi hufa tumboni, mtoto huzaliwa dhaifu, na aliyepona hukua polepole.

Lakini zingatia jambo hili, kwa kuwa linabadilisha uamuzi wako. Madhara ya kuzalisha ndugu kwa ndugu yamewapata watoto, hayakuwapata mama zao. Wazazi wa mitamba wako wawili hawakuwa ndugu, kwa hiyo wao wenyewe ni wazima. Wapewe dume mwingine asiye wa ukoo wao, kisha uwahukumu kwa uzao wa pili. Watoto wao tisa ndio wasiobakizwa hata mmoja kwa kuzalisha, wala yule wa kilo 72.

Kuhusu joto, nakubaliana na Mzee kwa idadi ya watoto. Jike akipata joto kali katika mwezi wa kwanza wa mimba hupoteza baadhi ya vijusi, na dume aliyezidiwa na joto hutoa mbegu hafifu kwa wiki kadhaa baadaye, kwa kuwa mbegu mpya huchukua kama wiki sita kutengenezwa. Machi chini ya mabati ni wakati mbaya kwa wote wawili. Tena mitamba wako walikuwa na miezi saba na nusu. Mimi husubiri miezi minane, uzito wa kilo 120 au zaidi, na joto la pili au la tatu la kutaka dume, ambalo huja kila baada ya siku 21.

Hata hivyo, Mzee aniwie radhi, joto haliwezi kueleza kilo 41. Wale wa kwanza walizaliwa Agosti wakafika miezi sita mwezi wa Februari, na hawa walizaliwa Julai wakafika Januari. Makundi yote mawili yalimalizia ukuaji wake katika kaskazi, chini ya paa lile lile. Kama ni joto lingewadumaza wote. Kilichobadilika ni chakula, na hapo Mama wa Mtwapa amegonga penyewe. Machicha yaliyokwisha kukamuliwa tui yana protini haba na nyuzinyuzi nyingi, na yakilala siku moja yanachacha. Nguruwe alijaa tumbo kuanzia Oktoba, wakati ambapo alikuwa na takriban miezi mitatu na alikuwa anajenga nyama kwa kasi, akawa hana cha kuijengea.

Tofauti ya mkubwa na mdogo ina chanzo kingine tena. Nguruwe tisa katika mita tano za mraba ni kila mmoja kwa nusu mita na kidogo, na nguruwe anayekaribia kuchinjwa anahitaji angalau mita 0.8 za mraba, na kwa hali yetu ya hewa mita nzima au zaidi. Kihori cha mita moja na nusu kinatosha nguruwe watano wa umri huo. Wanne walikuwa wakisubiri nyuma, na kila siku walikuwa ni wale wale wanne. Uzito wa kuzaliwa nao huwa na mkono wake: mtoto aliyezaliwa chini ya kilo moja huanza nyuma, hupata chuchu za nyuma zenye maziwa machache, na akiwekwa na wenye nguvu hubaki huko. Andika uzito wa kuzaliwa safari ijayo, na uwagawe kwa ukubwa, si kwa mama. Sindano ya madini ya chuma, miligramu 200 siku ya tatu, wape wote bila kuacha hata mmoja, kwa sababu maziwa ya mama hayana chuma cha kutosha na watoto wa sakafu ya saruji hawana udongo wa kuchimbua.

Minyoo wapewe dawa tena. Ukichinja, liangalie ini; ukiona madoa meupe kama maziwa yaliyomwagika, hayo ni mapito ya minyoo.

Jambo la mwisho nalisema kwa ukali kidogo kwa sababu linanisumbua moyo. Mabaki ya hoteli acha kabisa, au yachemshe kwa nusu saa nzima huku ukiyakoroga. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza hapa hapa Kenya, na daktari wa mifugo aitwaye Montgomery, mwaka 1921, na hadi leo haina tiba. Haimdhuru binadamu, lakini huua nguruwe wa damu safi na chotara bila kuchagua, na virusi vyake hukaa miezi katika nyama isiyopikwa vizuri. Nimewahi kuingia banda lenye nguruwe ishirini na saba siku ya Jumatatu, na Ijumaa nikasimama na mwenyewe juu ya shimo.

Mzee wa Kikambala

Daktari, sina kinyongo, umenionyesha tarehe ambazo nilizipita. Nitaongeza moja tu juu ya banda, kwa sababu kijana yuko Utange kwenye watu wengi. Majirani zetu wengi ni Waislamu, na mfugaji mwenye adabu hujenga akijua kusi inavumia wapi na kaskazi inavumia wapi, ili harufu isiingie kwenye nyumba wala msikiti, na maji machafu yasitoke nje ya ua. Mimi nilitangulia kwenda kuzungumza nao kabla ya jiwe la kwanza. Banda lililofungwa kuta nzima kwa kuogopa jirani ndilo linalokuwa tanuri. Banda lililo mahali pake panapokubalika linaweza kuachwa wazi likapata upepo.

Mfugaji wa Utange

Daktari, nimesoma maelezo yako mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na daftari mkononi. Dume kijana nitamhasi na kumuuza. Nimeanza kutenganisha wale tisa katika vyumba viwili, na chakula chao nimekirudisha kwenye mahindi, soya na dagaa, machicha nikiweka kidogo ya siku hiyo hiyo. Sasa niko mbele ya swali la dume. Ninunue wa mbegu gani, na hawa Large White wangu wa damu safi niwafanyie nini, kwa kuwa nilikuwa karibu kuwauza kwa sababu huzaa wachache?

Daktari wa Mifugo, Kilifi

Dume mwenye umri wa kufanya kazi, ukimhasi leo na kumchinja kesho, nyama yake itanuka. Mhasi kwa mkono wa mtaalamu, kwa dawa ya ganzi, kisha subiri wiki kadhaa harufu iishe mwilini.

Wale Large White usiwauze. Chotara bora hawatoki hewani. Hutengenezwa na mtu aliyetunza damu safi pande zote mbili, na ukiwaondoa utakuwa unanunua mitamba kila mwaka kwa bei ya mwenye nao. Kwa majike wako wote wenye damu ya Landrace na Large White, tafuta dume wa Duroc wa damu safi. Watoto wao watakuwa na nguvu yote ya chotara kwa upande wao wenyewe, na wale wa chotara wako wawili wa kwanza watanyonya kwa mama mwenye nguvu yote pia. Hao wote ni wa soko, majike kwa madume, hata akizaliwa mrembo wa kusifiwa na kila mpita njia. Kwa Large White wawili, mara moja kwa mwaka watafutie mbegu ya Landrace. Ukimpata mtaalamu wa kupandikiza, hiyo ni salama kuliko kuazima dume anayezunguka mabanda ya watu, ambaye huleta magonjwa ya banda la jana. Mabinti watakaozaliwa hapo ndio mitamba wako wa kurithi nafasi za mama zao, nao usiwapeleke kwa yeyote ila Duroc.

Unapomchagua Duroc, mwombe muuzaji akuonyeshe daftari: alizaliwa wangapi tumboni mwao, mama yake ni uzao wa ngapi, na alikuwa na kilo ngapi akiwa na siku ngapi. Asiyekuwa na daftari anakuuzia rangi ya ngozi. Mtazame akitembea kwenye sakafu ngumu, maana dume mwenye miguu mibovu hafiki mwaka wa pili, na uhesabu chuchu zake. Hata dume hurithisha mpangilio wa chuchu.

Akifika, mtenge siku 30 mbali na wengine, na vyombo vyake pekee, na mtu anayemhudumia awe anamalizia kwake, asianzie. Siku hizo atazihitaji pia kuzoea joto letu, hasa akitoka bara. Usimpe jike kabla ya wiki sita. Ukimleta Aprili mvua zikianza, atakuwa tayari mwishoni mwa Mei, mitamba wako wawili watapandwa katika ubaridi wa kusi na kuzaa Septemba. Nitumie uzito wa watoto siku ile ile wanapozaliwa, kabla hawajanyonya.